Rahisi kwa sababu si rahisi: sinthesaiza za kidijitali za miaka ya 1980

Kiswahili kina neno moja, rahisi, kwa mambo mawili: kitu kisicho na ugumu na kitu cha bei ya chini. Katika soko la vinanda vya umeme vya mtumba maana hizo mbili zimegombana. Sinthesaiza ndogo za kidijitali, yaani vinanda vinavyounda sauti kwa namba, zilizotengenezwa na kampuni za Kijapani katika nusu ya pili ya miaka ya 1980, hasa za Yamaha, Casio na Kawai, zinauzwa rahisi kwa sababu si rahisi kuzitumia. Hoja yangu ni kwamba bei hiyo hupima taabu ya vidole, haipimi sauti inayotoka kwenye spika. Na kwamba taabu yenyewe imekwisha kupungua sana huku bei ikibaki chini, jambo linalompa mwanamuziki mwenye kipato kidogo nafasi ambayo sidhani itadumu miaka mingi.

Nianze na kinanda kilicho mbele yangu. Ni Yamaha DX100 ya mwaka 1985: plastiki nyeusi, vibao 49 vyembamba ambavyo mtu mzima huvipiga kwa kubana vidole, na kioo kidogo cha maandishi ambacho hukisomi vizuri mpaka uinamishe kichwa. Nikitaka sauti ya besi ikatike mapema zaidi, kwanza naingia kwenye hali ya uhariri, kisha natafuta kigezo kinachohusika kati ya vitufe vingi vinavyofanana, kisha nahakikisha kwamba niko kwenye sehemu ya sauti ninayoikusudia na si jirani yake, ndipo nasogeza kitelezi kimoja kinachotumika kwa kila kitu huku nikitazama namba ikibadilika. Kwenye Roland Juno-106, iliyotoka mwaka mmoja kabla yake, kazi hiyo hiyo ni kunyoosha mkono na kushusha kitelezi chenye jina lake. Juno-106 hutoa sauti 6 kwa wakati mmoja na DX100 hutoa 8, lakini bei ya Juno imepanda sana na DX100 bado hupatikana kwa sehemu ndogo tu ya bei hiyo. Sidai kwamba vinanda hivi viwili vina sauti moja. Havifanani hata kidogo. Ninachosema ni kwamba pengo la bei kubwa kiasi hicho halielezeki kwa masikio peke yake. Mnunuzi wa Juno, kwa sehemu kubwa, analipia vitelezi.

Sauti ya DX100 ina asili inayostahili kuelezwa kwa kirefu kidogo. Mwaka 1967 mtunzi wa muziki John Chowning, akiwa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, alikuwa akijaribu kutetemesha sauti ndani ya kompyuta kama mwimbaji anavyoitetemesha mwishoni mwa mstari. Akaongeza kasi ya mtetemo huo. Ulipovuka kiwango fulani, sikio likaacha kusikia mtetemo na kuanza kusikia rangi mpya ya sauti. Wimbi moja lilikuwa likitikisa masafa ya wimbi jingine kwa kasi kubwa mno, na kutoka katika mawimbi mawili mepesi, ambayo kila moja peke yake halina tofauti kubwa na mluzi, ikatoka sauti nzito yenye chuma ndani yake. Watengenezaji wa vinanda wa Marekani walioonyeshwa jambo hilo hawakuona faida yake. Yamaha waliliona, wakalichukua kwa leseni, wakalifanyia kazi kwa takriban miaka 10, na mwaka 1983 wakatoa DX7.

DX7 ilikuwa na mawimbi 6 kwa kila sauti, ambayo Yamaha waliyaita opereta, na mipangilio 32 ya kuamua opereta ipi inamtikisa nani. Iliuzwa Marekani kwa dola 1,995, wakati ambapo sinthesaiza kubwa za analogi, zinazounda sauti kwa mikondo ya umeme badala ya namba, zilikuwa na bei ya gari dogo, na vikauzwa vinanda zaidi ya 150,000. Ndipo mkosi ulipoanza. Kwa kuwa uhariri wake ulikuwa mgumu, watu walio wengi walitumia sauti za kiwandani jinsi zilivyokuja. Piano yake ya umeme, ile yenye mlio wa kengele mwanzoni mwa kila noti, ikasikika katika nyimbo za mapenzi za dunia nzima hadi ikachosha. Miaka ya 1990 ilipofika na wanamuziki wakarudi kwa hamu kwenye mashine za analogi, lawama haikuwaendea wanamuziki walioshindwa kutengeneza sauti zao wenyewe. Iliiendea mashine. Wakasema ni baridi, haina damu, inasikika kama plastiki. Wakati huohuo mwanamuziki Mwingereza Brian Eno alikuwa mmoja wa watu wachache walioingia ndani kabisa ya DX7 na kutoka na sauti ambazo hakuna aliyezitambua kuwa ni za kinanda hicho, na mfano wake peke yake unatosha kuonyesha kwamba ubaridi ule ulikuwa wa mazoea ya watu.

Ikiwa DX7 ilidharauliwa, wadogo zake walidharauliwa mara mbili. DX21, DX27 na DX100 zina opereta 4 badala ya 6 na mipangilio 8 badala ya 32, kwa hiyo zilitazamwa kama DX7 ya mtu asiye na uwezo. Hapa natofautiana na wengi. Kwa mtu anayejifunza kutengeneza sauti, opereta 4 ni bora kuliko 6, kwa sababu akili ya binadamu inaweza kuzishika zote kwa pamoja. Ukibadilisha kitu, unajua ulichobadilisha. Tena Yamaha, kwa kubana matumizi, waliondoa uhuru wa kupanga uwiano wa masafa kwa namba yoyote na kuweka orodha ya namba 64 tu: 0.50, 0.71, 0.78, 0.87, 1.00, 1.41 na kuendelea hadi 25.95. Unaweza kuiona orodha hiyo kuwa ni gereza. Mimi naiona kama bao lenye mashimo yaliyohesabiwa, ambalo mtu anaweza kulicheza kwa miaka 20 bila kulimaliza.

Tazama jinsi inavyofanya kazi. Chukua opereta mbili tu na uzime nyingine. Moja ndiyo inayosikika. Iweke kwenye 1.00. Nyingine inaitikisa ya kwanza. Nayo iweke kwenye 1.00, kisha ongeza nguvu yake taratibu kutoka 0 kwenda 99. Mluzi unageuka kuwa besi, besi inageuka kuwa tarumbeta, na mwishoni inakaribia kupasuka. Rudisha nguvu katikati, badilisha 1.00 ya opereta ya pili iwe 2.00, na sauti inapata uwazi wa klarineti. Sasa sogeza hadi 3.46. Hapo hakuna tena ulinganifu kati ya mawimbi hayo mawili, na ghafla unasikia kengele: kengele kamili, yenye shaba na mwangwi wa ukuta wa mawe. Umefika hapo kwa namba moja. Sijui chombo kingine cha bei hii kinachomfundisha mtu, ndani ya dakika 5 na kwa sikio lake mwenyewe, kwa nini filimbi ni filimbi na kengele ni kengele.

Msomaji anayedhani hajawahi kuzisikia opereta 4 huenda anakosea. Aliyecheza michezo ya Sega Mega Drive utotoni alikuwa akisikiliza chipu ya Yamaha yenye opereta 4 kwa kila sauti, na simu kadhaa za mkononi za mwanzoni mwa miaka ya 2000, zile zilizotufurahisha kwa milio yenye ala nyingi kwa pamoja, zilibeba chipu za Yamaha za ukoo huohuo. Kwa watu wa umri wangu sauti hii ni ya nyumbani.

Bei ya chini ina historia yake katika muziki, na historia hiyo haimpendezi mtu anayeamini kwamba kilicho ghali ndicho kilicho bora. Roland waliacha kutengeneza TB-303 mwaka 1984 kwa sababu haikuuzika. Ilikusudiwa kuiga gitaa la besi, na kwa kazi hiyo ilishindwa kabisa. Mashine zilizobaki ziliishia kwenye maduka ya mitumba, na vijana weusi wa Chicago, akiwemo DJ Pierre na wenzake, wakazinunua kwa bei ya kutupa na kuzizungusha vitufe mpaka wakapata muziki ambao haukuwepo. Leo TB-303 ni mali ya matajiri. Huko Detroit, ambako tekno ilizaliwa katika miaka hiyohiyo, DX100 ilipata heshima ambayo haikuipata kwingine, na besi yake fupi, kavu, inayogonga kama mlango wa mbao, ikawa sehemu ya lugha ya muziki ule. Waliozichagua mashine hizo walichagua kutokana na kile kilichokuwa karibu na mfuko wao, kisha wakakisikiliza kwa makini kuliko walivyosikiliza wenye nacho. Makini hiyo ndiyo ninayoitetea hapa.

Casio ni kisa cha aina yake, kwa kuwa wao hawakuponzwa na uhariri peke yake. Waliponzwa pia na jina. Kwetu sisi Casio ni saa ya mkononi na kikokotoo cha mtihani wa hesabu, na hata huko Ulaya na Marekani hali haikuwa tofauti sana. Kampuni ilikuwa imeanza kuuza vinanda mwaka 1980 tu, na vingi vilikuwa vya watoto na vya sebuleni. Ilipotoa CZ-101 kwa dola 499, wanamuziki wengi wa kulipwa waliitazama, wakaona vibao vidogo, wakaona jina, wakapita. Walichopita ni moja ya mashine zilizobuniwa kwa werevu zaidi katika muongo ule.

Casio hawakuweza kutumia njia ya Yamaha, iliyolindwa kwa hataza, kwa hiyo walitafuta njia yao. CZ-101 husoma wimbi laini lililohifadhiwa ndani yake, lakini haisomi kwa mwendo ulio sawa: sehemu moja ya wimbi huipitia haraka na nyingine polepole, kama msomaji anayekimbia mistari ya mwanzo ya ukurasa na kutulia kwenye iliyobaki. Kadiri tofauti ya mwendo inavyozidi, ndivyo wimbi linavyopinda na sauti inavyokuwa kali. Matokeo yake ni kwamba mashine isiyo na kichujio chochote, yaani sehemu ya kupunguza ukali wa sauti, inatoa sauti inayofunguka na kujifunga kama ya sinthesaiza ya analogi yenye kichujio, ila ina ukali wa aina yake pembeni, kama chai iliyotiwa tangawizi mbichi. Juu ya hilo, mwenendo wa kila sauti, yaani jinsi inavyoanza, inavyopanda na inavyokufa, unaweza kuupanga kwa hatua 8, wakati mashine nyingi za bei kubwa kuliko hiyo zilikuwa na hatua 4. Unaweza kuifanya sauti ipande, ishuke, ipande tena, itulie, kisha iteleze hadi kimya. Na CZ-101 inaweza kupokea sehemu 4 tofauti za wimbo kwa wakati mmoja kupitia MIDI, lugha ya kuunganishia vinanda, kila moja kwa sauti yake. Mwaka 1985 watu walilipa fedha nyingi sana kupata uwezo huo.

Kuhusu Kawai nitasema kwa ufupi. Kampuni hii iko Hamamatsu, mji uleule wa Yamaha, na ilianzishwa mwaka 1927 na Koichi Kawai, aliyekuwa mfanyakazi wa Yamaha. Ndugu wa mji mmoja wasiosahau ushindani. K1 yake ya mwaka 1988 ina mawimbi 256 ya biti 8, haina kichujio kabisa, na ina mshikio mdogo wa kuchanganyia mawimbi manne huku unapiga. Sauti zake zina chengachenga, kama redio ya masafa ya kati usiku. Anayetaka usafi aiache. Mimi naipenda kwa kwaya zake, ambazo hazifanani na watu wanaoimba bali na kumbukumbu ya watu waliowahi kuimba mahali.

Nisieleweke kwamba kila cha kale na cha bei ndogo ni hazina iliyofichika. Huo ni uvivu wa kufikiri, na unawaumiza watu wanaonunua kwa fedha ya taabu. Yamaha FB-01, moduli (yaani sinthesaiza isiyo na vibao), ina sauti nzuri lakini haikupewa vitufe vya kuhariri sauti zenyewe, kwa hiyo bila kompyuta unabaki na ulichopewa. Moduli nyingi za mwisho wa miaka ya 1980 zilizobeba sampuli, yaani vipande vya sauti vilivyorekodiwa, za piano, fidla na gitaa zilikuwa zikijaribu kuwa ala halisi kwa kumbukumbu ndogo sana, na jaribio hilo limezeeka vibaya. Hizo ni rahisi kwa haki. Mashine inayohitaji diski laini ili iwake ikae mbali na wewe, isipokuwa una fundi wa karibu na moyo wa subira. Kipimo changu ni kimoja: je, mashine hii hutengeneza sauti kwa njia yake yenyewe, au inaigiza kitu ambacho simu yako sasa inakiigiza vizuri zaidi? Ya aina ya kwanza haizeeki.

Kuna pingamizi ambalo nalichukulia kwa uzito wote. Ipo programu ya kompyuta iitwayo Dexed, ya bure kabisa, inayoiga DX7 kwa ukaribu wa kushangaza na kusoma sauti zake za zamani. Kwa nini basi mtu anunue plastiki ya miaka 40? Kijana mwenye kompyuta na asiye na fedha ya ziada namshauri aanze na Dexed leo hii, bila kusubiri mashine yoyote. Sauti ya umeme si dini, na hakuna thawabu ya kumiliki chuma. Hata hivyo, kompyuta hiyohiyo ndiyo iliyobomoa ukuta uliozifanya mashine hizi zidharauliwe. Tangu mwaka 1983 vinanda vya kampuni mbalimbali vinazungumza kupitia MIDI, na lugha hiyo imedumu kiasi kwamba DX100 ya mwaka 1985 inaelewana na kompyuta ya juzi kupitia kebo ya bei ndogo. Zipo programu, nyingine za bure, zinazochora kwenye skrini kila kigezo cha DX100 au CZ-101 kama kitelezi chake. Unasogeza kwa kipanya, mashine inatii papo hapo. Maelfu ya sauti zilizotengenezwa na watu kwa miongo minne zinapatikana na kutumwa ndani ya mashine kwa sekunde chache.

Hapo ndipo ninapoona kwamba soko limekosea hesabu. Sababu iliyoshusha bei ilikuwa uhariri wa kuchosha, na uhariri wa kuchosha umepata dawa. Bei haijafuata kwa sababu sifa mbaya hudumu kuliko kasoro iliyoileta. Lakini dalili za kugeuka zimeanza kuonekana: mwaka 2015 Yamaha walitoa Reface DX yenye opereta 4, mwaka 2016 Korg wakatoa Volca FM inayosoma sauti za DX7, na mwaka 2018 Elektron wakatoa Digitone, nayo ya opereta 4, kwa bei ambayo ingenunua DX100 kadhaa. Kampuni hazitengenezi upya kitu ambacho hakuna anayekitaka. Kile kilichoitwa baridi kimeanza kupata joto, na bei ya mtumba haitakaa chini milele.

Kwa mpiga kinanda wa Afrika Mashariki kuna jambo jingine ambalo wahakiki wa Ulaya hawana sababu ya kulitaja. DX100 na CZ-101 zote zinakubali betri kubwa za tochi. Katika miezi ya mgao wa umeme nimefanya kazi saa nzima gizani, na headfoni masikioni, wakati kompyuta imekwisha kuzima. Anayeishi mahali ambapo umeme haukatiki ataona jambo hilo dogo. Kwangu ni nusu ya thamani ya kinanda.

Umeme ndio pia ulionifundisha somo la gharama. Miaka michache iliyopita nilinunua Yamaha TX81Z, moduli ya mwaka 1987 isiyo na vibao, bapa kama kitabu cha mahesabu cha dukani. Ilitoka Japani, na muuzaji alinihakikishia kwamba inakula umeme wowote. Japani hutumia volti 100. Ukuta wangu ulikuwa na zaidi ya 230. Nilisikia harufu kabla ya kuona moshi. Fundi redio mmoja alikaa nayo wiki mbili, akang'oa transfoma iliyoungua na kuweka nyingine, na alipokuwa ndani akabadili na betri bapa ya lithiamu iliyokuwa imekufa zamani. Sauti 128 za kiwandani zilikuwa salama, kwa kuwa zimeandikwa kwenye chipu isiyofutika. Nafasi 32 za mtumiaji zilikuwa na herufi zisizosomeka. Sauti ambazo mtu fulani alizitengeneza Japani zilikuwa zimekwenda na betri. Nashauri kila anayenunua atazame kibandiko cha volti nyuma ya mashine kabla ya kutazama kitu kingine chochote, na atenge fedha ya betri mpya hata kama mashine inawaka vizuri.

TX81Z inajulikana kwa sauti moja, Lately Bass, iliyo kwenye nafasi ya C15, na ni kweli kwamba besi hiyo ilicheza dunia nzima katika muziki wa dansi wa miaka ya 1990. Waliomiliki mashine hii kwa ajili ya C15 peke yake ni wengi. Lakini ndani zaidi, mbali na sauti za kiwandani, kuna ukurasa ambao nadhani wamiliki wengi hawajaufungua. TX81Z inakuruhusu kupanga upya mizani ya noti zenyewe. Kila nusu toni, yaani umbali kati ya noti mbili jirani za kinanda, imegawanywa katika hatua 64, na unaweza kuishusha au kuipandisha noti yoyote ya oktava kwa hatua hizo, kisha sauti yoyote iliyomo ndani ikafuata mizani yako.

Kwa mtu wa Pwani jambo hili si la pembeni. Taarabu ya Unguja, tangu kikundi cha Ikhwani Safaa kilipoanzishwa mwaka 1905, imejengwa juu ya maqam, yaani mizani za noti za muziki wa Kiarabu, na maqam kama Rast na Bayati zina noti ambazo haziko kwenye piano; zinakaa katikati ya kibao cheupe na cheusi. Fidla inazifikia kwa kidole, qanuni inazifikia kwa vigingi vyake vidogo vya shaba. Kinanda kilipoingia kwa nguvu katika taarabu ya kisasa kilikuja na mizani ya piano, na noti hizo za katikati zikaanza kuachwa, kwa sababu tu chombo kilichokuwa jukwaani hakikuwa na mahali pa kuzipiga. Vipo vinanda vya kisasa vyenye robo toni, vilivyotengenezwa kwa ajili ya muziki wa Kiarabu, na bei yake haigusiki kwa vikundi vingi. Moduli ya mwaka 1987 ambayo soko linaithamini kwa besi moja tu inaifanya kazi hiyo.

Niliibeba hadi Unguja, kwa mzee mmoja aliyepiga qanuni maisha yake yote. Nilikuwa nimekwisha kupanga Rast kuanzia C, na E na B nimezishusha hatua 32 kila moja, nusu kamili ya nusu toni, kama vitabu vinavyosema. Nilichagua sauti ya nyuzi niliyoitengeneza kwa opereta mbili, nikampigia ngazi nzima polepole, kupanda na kushuka. Alisikiliza akiwa ameangalia sakafu. "Maalim, ni Rast hii?" nikamuuliza. "Ni Rast ya mtu aliyeisoma," akasema. "Hiyo ya tatu, mwanangu, ipandishe kidogo." Nilirudi kwenye kioo, nikaibadilisha 32 kuwa 30, nikapiga. Akatikisa kichwa. Nikaweka 28, akanyamaza. Nilipofika 26 aliinua mkono kunizuia, akaiimba noti ile mwenyewe kwa sauti ya chini, na mashine ilikuwa imekaa palepale alipokuwa.